Suzuka 2014: mbio zilizokatishwa mzunguko wa 46, na matawi ya utingo

#1 Utingo Mstaafu (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye banda umiza la mtaani kwetu Tabata kulizuka ubishi. Tunasubiri mechi, kijana wa rimoti anapitapita chaneli, akagusa langalanga, yaani Formula 1. Mzee mmoja akasema mchezo gani huo, magari yanazunguka palepale kama ngamia wa kinu, na hata ajali zao ni za maigizo, gari linasagika dereva anatoka anajipangusa vumbi. Nikamwambia, mzee wangu, wapo ambao hawakujipangusa. "Nani?" Nikaanza kumsimulia habari za Jules Bianchi, mara mpira ukaanza, nikaambiwa kaa chini. Basi namalizia hapa.

Niseme mapema, mimi si mchambuzi. Nimekuwa utingo wa malori miaka 6, njia ya Dar mpaka Tunduma, na sasa nauza matairi Gerezani. Kwa hiyo nitaisimulia kwa macho ya tairi na ya barabara. Mwenye macho mengine atajazia.

Siku yenyewe ni Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2014, siku zilezile za Idi ya kuchinja. Bosi wangu wa wakati ule alikuwa na ugonjwa wa langalanga, dukani kafunga dishi, na mteja akija mbio zinaendelea anavutiwa kiti, anaambiwa subiri. Uwanja ni Suzuka, Japani. Kuanza saa 9 alasiri kwao, kwetu saa 3 asubuhi. Saa ya supu.

Kimbunga kilichoitwa Phanfone kilikuwa kinasogelea pwani ya Japani, na kila mtu alijua. Kulikuwa na maneno ya kuwahisha mbio zisikutwe na mvua. Hazikuwahishwa. Hilo liwekeni pembeni, nitalirudia, maana Oktoba kule jua linawahi kuzama, na mbio za saa 9 zikichelewa kidogo tu mnamalizia kwenye utusitusi.

Zikaanza nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia polepole na hakuna ruhusa ya kulipita. Mizunguko 2 tu, bendera nyekundu, magari yote yakarudi kupaki, wakakaa kama dakika 20 huku madereva wamekunja mikono. Wakaanza tena, bado wako nyuma ya gari la usalama, mpaka mzunguko wa 9 ndipo wakaachiwa. Fernando Alonso alikuwa keshazimikiwa na gari, hitilafu ya umeme. Mvua ikapungua, njia ikaanza kukauka, watu wakavua tairi za mvua wakavaa za kati, zile za njia yenye unyevu tu. Mzunguko wa 29 Lewis Hamilton akampita Nico Rosberg kwa nje kwenye kona ya kwanza. Bosi shabiki wa Hamilton. Supu yangu iliishia sakafuni kwa vile alivyoruka. Tukadhani habari ya siku imeshapatikana.

Hapa nisimame kidogo kwenye tairi maana ndiyo inayonilisha. Tairi ya mvua ya Pirelli ya mwaka ule, gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa, ilikuwa inatupa pembeni lita 65 za maji kwa sekunde. Kwa sekunde! Ndoo 3 kubwa za maji na jagi la kujazia. Tairi ya kati ni lita 25. Sasa mvua ikirudi wakati umevaa tairi ya kati, tena imeshalika, maji yanazidi uwezo wa mifereji yake, tairi inapanda juu ya maji, gari linaelea. Likishaelea, usukani ni pambo. Aliyewahi kukatiza Jangwani wakati wa masika na tairi kipara ananielewa, tofauti ni kwamba wewe ulikuwa spidi 40.

Mvua ikarudi kwelikweli kuelekea mizunguko ya arobaini. Kuna kona ya 7 pale, wanaiita Dunlop, kona ndefu ya kushoto inayopanda kilima. Maji yakawa yanatiririka na kuingia barabarani kati ya kona ya 6 na ya 7, ile sehemu yenye afadhali ikafinywa ghafla. Adrian Sutil wa Sauber akaelea hapo, akaenda kwenye ukuta wa matairi. Akatoka mzima. Bendera 2 za njano zikapepewa. Ikaingia mashine ya kunyanyulia magari, trekta kubwa lenye mkono mbele, hapa kwetu tungeliita kijiko, likaanza kulitoa gari la Sutil.

Mzunguko uliofuata, Jules Bianchi wa Marussia, timu ndogo ya mkiani, akaelea palepale. Alitoka barabarani akiwa kilomita 213 kwa saa. Akavuka changarawe. Lakini mbele yake hapakuwa na ukuta wa matairi kama wa Sutil. Palikuwa na trekta. Aliligonga kwa nyuma kwa kilomita 126 kwa saa. Gari la kilo 700 dhidi ya chuma cha tani 6 na nusu.

Sisi dukani hatukuona chochote. Runinga haikuonyesha. Tuliona gari la usalama limetoka, kisha gari la daktari, kisha mzunguko wa 46 bendera nyekundu. Bosi akapunguza sauti, sijui kwa nini, akasema, "Wanaficha." Ukiona langalanga hawarudii ajali, jua ni mbaya, maana wale hurudia hata mtu akikwaruza kioo. Jukwaani Hamilton, Rosberg na Sebastian Vettel walipanda, shampeni haikumwagwa.

Ngoja nifunge duka, narudi.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshatandika mkeka hapa. Utingo usituache njiani kama yule wa hadithi za majini wa mwezi uliopita.

#3 Konda wa Gongo la Mboto

Mkuu mimi nina maswali 2. Moja, hilo trekta liliruhusiwaje kuingia wakati magari bado yanapita? Hata pale Buguruni bredauni likivuta gari, trafiki anasimamisha upande mmoja. Pili, mbio zikikatishwa mshindi anapatikanaje? Si warudie siku nyingine?

#4 Utingo Mstaafu

Konda, la pili ni jepesi nianze nalo. Bendera nyekundu ikitoka, kwa sheria za wakati ule, matokeo yanarudishwa nyuma mizunguko 2. Imetoka mzunguko wa 46, basi yanasomwa yale ya mwisho wa mzunguko wa 44. Mbio zilipangwa mizunguko 53. Ukishavuka robo 3 ya hiyo, pointi zinatolewa kamili. 44 imeshavuka. Hamilton akachukua 25 zake, kwisha. Haurudiwi, si ligi ya mchangani.

Na kuna jambo liliniuma kwenye ile karatasi ya matokeo. Kwa sababu hesabu inarudi nyuma, Bianchi aliandikwa miongoni mwa waliomaliza. Nafasi ya 20. Mtu yuko kwenye gari la wagonjwa, jina lake liko kwenye orodha.

La kwanza sasa. Trekta liliruhusiwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Bendera 2 za njano kwa pamoja maana yake ni hii: punguza mwendo kwa kiasi kikubwa, uwe tayari kubadili njia au kusimama kabisa. Ikishapepewa, wanaamini ni salama kwa mashine na watu kuingia pembeni. Sasa nawauliza, "kwa kiasi kikubwa" ni kiasi gani?

Ngoja niwape ya kwangu. Mwaka fulani tulipasukiwa na tairi 2 za tela usiku, karibu na Doma, kabla hujafika Mikumi. Manyunyu. Dereva anajaza hewa ya akiba, mimi utingo kazi yangu ni matawi. Nikakata, nikapanga mengine mbali kama mita mia, mengine karibu, nikakaa pembeni na tochi. Nilikaa pale saa 2 nikitazama magari. Kila gari liliyaona matawi. Kila moja! Taa zinapiga kwenye majani, unasikia dereva anaachia mafuta, injini inashuka sauti kidogo, halafu vuuu, anapita. Hakuna aliyedharau. Wote walipunguza. Ila kila mmoja alipunguza kwa kipimo cha roho yake.

Likaja gari dogo. Nalo likapunguza, nilisikia kwa masikio yangu. Likakuta dimbwi, likazunguka, likasimama pua ikiwa chini ya tela letu, kioo cha mbele kimebakiza shubiri kufika kwenye chuma. Dereva akatoka magoti yanagongana. Nikamfokea, "Hukuona matawi?" Akasema, "Niliyaona kaka. Nilipunguza."

Na kweli alipunguza.

Siku niliposoma habari za Suzuka nilimkumbuka yule bwana.

#5 Dereva wa Mikoani

Utingo heshima yako, lakini usitulize watu kwa hadithi. Mimi naendesha basi mwaka wa 14 huu. Bendera imepepewa, mtu anatembea spidi mia mbili na zaidi, anaelea, anagonga. Kosa lake. Wenzake wote si walipita salama? Kama kila anayeteleza tutasema ni barabara, basi leseni za nini. Mbona hao waliokuwa nyuma yake hawakuelea?

#6 Utingo Mstaafu

Kaka Dereva, hoja yako ndiyo hasa ilivyoandikwa na wakubwa, kwa hiyo huko peke yako.

FIA, wale wakubwa wanaosimamia mbio za magari duniani, waliunda jopo la watu 10, mwenyekiti Peter Wright, ndani yake wamo watu kama Ross Brawn na Emerson Fittipaldi aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Ripoti ikatoka Desemba 2014, kurasa 396. Na ndani yake imeandikwa waziwazi kwamba Bianchi hakupunguza mwendo vya kutosha kuepuka kushindwa kulimudu gari pale. Sikatai.

Lakini soma na yanayofuata. Zile sekunde kama 2 alizokuwa anavuka pembeni, alikanyaga mafuta na breki kwa pamoja, kwa miguu yote miwili. Gari lilikuwa na mfumo wa kuzima injini hali kama hiyo ikitokea. Haukuzima, kwa sababu mfumo mwingine wa gari hilohilo, unaohusiana na breki za nyuma za umeme, haukuelewana nao. Magurudumu ya mbele yakajifunga. Yaani mtu anaelea, usukani haugeuzi, na injini bado inamsukuma. Ripoti inasema hilo huenda liliathiri kasi ya mgongano, haikuweza kupima kwa kiasi gani.

Na kuhusu wenzake. Charlie Whiting, aliyekuwa mkurugenzi wa mbio, alieleza wiki iliyofuata kule Urusi kwamba data za magari zinaonyesha madereva walipunguza kwa viwango tofauti, wengine zaidi, wengine kidogo. Umeona? Haya, niambie, huyo wa kidogo aliyepita salama alikuwa dereva bora kuliko aliyeelea, au alipata bahati ya sentimita chache za lami kavu? Felipe Massa alisema baada ya mbio kwamba alikuwa anapiga kelele kwenye redio, maji yamezidi, zisimamishwe.

Wewe ukipita matawi unashuka kutoka ngapi hadi ngapi? Sema ukweli, hapa hakuna trafiki.

#7 Dereva wa Mikoani

Inategemea na mzigo 😂

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka Utingo naomba nijazie upande wangu maana huko juu mnaongelea spidi tu.

Jeraha alilopata linaitwa la kusambaa, la nyuzi za ubongo. Watu wengi wanadhani kuumia kichwa ni fuvu kupasuka au damu kuvia. Damu ikivia daktari anaweza kufungua, kunyonya, na mtu akarudi. Hili ni jingine. Kichwa kikisimama ghafla au kikizungushwa ghafla, ubongo ulioko ndani unaendelea kwenda, na zile nyuzi zinazounganisha sehemu na sehemu zinavutika na kukatika huku na huku, kote. Hapana pa kupasua. Wakati mwingine hata picha ya kwanza ya kichwa inaonekana ya kawaida tu, ndugu wanafurahi, na mgonjwa haamki.

Nimewaona wa namna hiyo wodini, wengi wa bodaboda. Ndugu wanauliza, "Nesi, mbona hana hata kidonda?" Hilo swali sijawahi kulizoea. Mtu kalala kama amesinzia baada ya pilau.

Nilisoma kwamba mgongano ule ulifika kilele cha nguvu ya mara 254 ya mvutano wa dunia. Kwa hiyo msiseme helmeti haikuwa nzuri. Helmeti inazuia fuvu, haishiki ubongo mkono.

Walimpeleka hospitali ya Mie, mji wa Yokkaichi, kwa gari, helikopta ikashindwa kwa sababu ya hali ya hewa. Novemba akahamishiwa Nice, Ufaransa, alikozaliwa. Mama na baba walikaa naye mpaka tarehe 17 Julai 2015. Miezi 9. Alikuwa na miaka 25. Mnaposema "kosa lake" kumbukeni kuna mtu alikaa kitandani miezi 9 na wazazi wakibadilishana zamu.

#9 Dereva wa Mikoani

Dada Nesi umenigusa. Nimeelewa. Sijasema kwa ubaya.

#10 Mtoto wa Upanga

Salaam kwenu. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa rali, yule wa kukaa kando ya njia na chupa ya chai tangu Rali ya Safari ikipita nchi zote 3 za Afrika Mashariki, kwa hiyo haya mambo nimenyonyeshwa. Mtoa mada umesimulia vizuri ila kuna kitu kikubwa umeruka.

Suzuka 1994. Mvua, mbio zikasimamishwa kisha zikaendelezwa. Martin Brundle akaelea kwenye kona hiyohiyo ya Dunlop, wakati gari la mwenzake linatolewa, akaikosa mashine kwa upana wa kiganja na akamgonga msimamizi mmoja, akamvunja mguu. Miaka 20 kabla! Kona ileile, mvua ileile, mashine ileile pembeni. Na mwaka huohuo wa 1994, Mei 1, ndiko Ayrton Senna alifia Imola, siku moja baada ya Roland Ratzenberger. Kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kuwa macho mwaka ule. Waliangalia kasi, waliangalia kona, waliangalia helmeti na pua za magari. Trekta wakaliacha.

Baada ya Senna hakufa dereva mwingine kwa ajali ya mbio za langalanga zenyewe mpaka huyu Bianchi. Miaka 21. Nadhani ndiyo iliyowalewesha.

Na ukoo wake ni wa mbio. Babu yake, Mauro, alikuwa dereva. Kaka wa babu, Lucien Bianchi, alishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1968, akafa mwaka uliofuata akifanya majaribio kwenye barabara hizohizo za Le Mans.

#11 Kiti cha Mbele

Duh. Kaka wa babu kafia kwenye gari na bado kijana wanampeleka. Watu wana mioyo.

#12 Konda wa Gongo la Mboto

Mbona na wewe Kiti baba yako konda na wewe umekuwa konda 😂 Mtoa mada malizia, huyo kijana alikuwa anajua au alikuwa wa kujaza nafasi?

#13 Utingo Mstaafu

Mtoto wa Upanga asante, hiyo ya Brundle sikuijua yote. Miaka 20 mtu anapita kando ya shimo, anasema mbona sijatumbukia.

Konda, alikuwa anajua. Ferrari walipoanzisha shule yao ya madereva vijana, yeye ndiye wa kwanza kuchukuliwa. Marussia ilikuwa timu ambayo haijawahi kupata hata pointi moja. Mei 2014 Monaco, barabara nyembamba kama uchochoro wa Kariakoo, akamaliza wa 8, akaongezewa sekunde 5 za adhabu, akawa wa 9. Pointi 2. Kwa timu kubwa pointi 2 ni aibu. Kwa Marussia zilikuwa pointi za kwanza tangu wazaliwe, na ndizo ziliwapa nafasi ya 9 kwenye msimamo wa timu. Nafasi hiyo ina fedha, na ndizo zilizosaidia kampuni isizikwe pale ilipofilisika mwezi uleule wa Oktoba.

Wiki moja baada ya Suzuka walikuwa Sochi. Waliingiza gari moja tu. La Bianchi walilifunga vizuri, tairi na kila kitu, likawa limekaa upande wake kwenye karakana, wikiendi nzima. Nimefanya kazi gereji. Najua mafundi hawafungi gari ambalo haliendi popote.

Tangu afariki, namba 17 iliyokuwa yake haivaliwi tena na mtu kwenye langalanga.

Sasa nije kwenye walichobadilisha baada ya ajali, mimi nakiita "tuta". Jopo lilikuja na mapendekezo mengi, mimi nitataja yale yanayonihusu. Moja, mbio zisianze chini ya saa 4 kabla ya jua kuzama, isipokuwa zile za usiku zenye taa. Mnakumbuka nilisema tuiweke pembeni ile saa 9? Ndiyo hiyo. Jingine ni mfumo ambao ulijaribiwa msimu uleule na kuanza rasmi mwaka 2015: ajali ikitokea mahali, mkurugenzi anabonyeza, na kila dereva, popote alipo uwanjani, anaona kwenye usukani wake muda anaotakiwa kuufuata. Akiwahi kuliko muda huo, adhabu. Hakuna tena "nilipunguza". Ni gari la usalama lisiloonekana.

Hebu fikirini kibao cha 50 pale kijijini, na tuta. Kibao kinakuomba. Tuta halikuombi. Miaka yote langalanga walikuwa na kibao kizuri chenye rangi ya njano, na waliokuwa wanaombwa ni vijana wanaolipwa kwa kuwahi sehemu ya kumi ya sekunde. Ukipunguza zaidi ya mwenzako, umempa nafasi yako. Mimi nikimwona dereva ananiambia nitapunguza vya kutosha huku pointi ziko mezani, namwambia utapunguza kama mwenzako, na mwenzako anasema hivyohivyo.

#14 Konda wa Gongo la Mboto

Hapo kwenye tuta umemaliza. Daladala 2 zikifukuzania abiria hata uweke malaika na bendera.

#15 Mgeni wa Kigamboni

Nauliza kwa nia njema, ile kama ndara waliyoiweka juu ya kichwa cha dereva ilitokana na ajali hii?

#16 Mtoto wa Upanga

Ndara 😂 Ndugu yangu hicho ni chuma cha titani. Kiliingia 2018. Watu wengi wanasema kwa sababu ya Bianchi, lakini lile jopo lenyewe liliandika kwamba kufunika shimo la dereva kusingemwokoa, na hata kulivalisha trekta sketi za pembeni kusingetosha. Ulikuwa mzigo mkubwa mno kwa gari jepesi mno. Walichosema ni kwamba gari lisikutane na trekta kabisa. Ila hicho chuma kilimwokoa Romain Grosjean, Bahrain, Novemba 2020, gari limekatika vipande 2 na moto, akakaa ndani sekunde 28 akatoka kwa miguu yake.

Na mnaodhani yalikwisha, tazameni Suzuka tarehe 9 Oktoba 2022. Mvua, mzunguko wa kwanza Carlos Sainz kagonga, trekta likaingia barabarani wakati magari bado yanazunguka. Pierre Gasly, Mfaransa, aliyekuwa rafiki wa Bianchi, akalipita kwenye ukungu wa maji akiwa peke yake nyuma akikimbiza kundi. Alipiga kelele redioni mpaka nikainuka kwenye kochi. Uwanja uleule! Miaka 8! Baba yake Bianchi aliandika mtandaoni kwa uchungu.

#17 Dereva wa Mikoani

Huyo Gasly naye alikuwa spidi ngapi?

#18 Mtoto wa Upanga

Aliadhibiwa kwa spidi, bendera nyekundu ilikuwa imeshatoka. Ulijua nitaficha?

#19 Dereva wa Mikoani

Mimi nimeuliza tu.

#20 Utingo Mstaafu

Wote 2 mko sawa, na hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Alikuwa na kasi kupita kiasi, na trekta halikutakiwa kuwa pale. Yule bwana wa Doma naye alikuwa na kasi, na sisi tulikuwa tumeegesha tela nusu liko barabarani kwa sababu bega la barabara lilikuwa tope. Dereva wangu alisema tusogee, mimi nikasema tutazama. Hilo sikuwaambia mwanzoni.

Bosi siku ile hakumaliza supu. Alizima runinga kabla hata jukwaa halijakunjwa, akaenda akawafungulia wateja. Julai iliyofuata alinipigia simu, nilikuwa Makambako na lori la mtu mwingine, akasema "yule kijana amefariki." Hakutaja jina. Nikajua.

Charles Leclerc wa Ferrari, mnayemwona siku hizi, Bianchi ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo. Kwa hiyo kuna mtu anapita Dunlop kila mwaka na anajua.

#21 Kiti cha Mbele

Mkuu umetisha. Suzuka siku hizi ni lini, na saa ngapi kwetu? Nataka nije banda lenu na yule mzee wa ngamia awepo.

#22 Utingo Mstaafu

Tangu 2024 wameihamishia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Wenyewe wanasema ni kupunguza safari za ndege kwa kupanga nchi za jirani pamoja, lakini mimi nafurahi tu kwamba imetoka kwenye msimu wa vimbunga vyao. Imeingia kwenye masika yetu. Kwa saa za hapa ni saa 2 asubuhi, Jumapili. Mzee nitamleta mimi, supu atalipa Dereva wa Mikoani.

Njooni na miamvuli, banda linavuja upande wa runinga.